Kitufe cha Heshima

Mkurugenzi aliponiomba niweke kitufe kile, nilipaswa kusema hapana. Nyuma yangu, mgongo wake ukiuelekea mgongo wangu, mkwe wangu, mke wa mwanangu, alikuwa ameacha kuchapa ili asikie nitajibu nini. Nikasema, "Hiyo ni kazi ndogo, mkurugenzi. Utaipata kabla ya Jumapili."

Tulikuwa katika chumba cha mbele cha nyumba yangu, Sekei, pembeni mwa mji wa Arusha. Mkurugenzi alikuwa na kampuni mjini iliyoandika programu kwa ajili ya vituo vya kukusanyia maziwa huku kwenye miteremko ya Meru. Vijana wake walikuwa wakijaribu kitu tulichokuwa tunakitengeneza mimi na mkwe wangu. Kilikuwa kiendelezi, yaani programu ndogo inayojibandika ndani ya kihariri, mahali ambapo mtu wa kompyuta anaandikia msimbo wake. Ukimaliza kuandika kipande, kiendelezi kinakipeleka kwa akili mnemba kikasomwe, na maoni yanarudi kukaa pembeni ya mstari: hapa umesahau hiki, hapa mambo yataharibika. Mstari wenye shaka uligeuka njano. Kazi ikiwa safi, chini kulitokea alama ya kijani, na mwenye kazi akajua anaweza kuituma.

"Vijana wanakipenda," mkurugenzi alisema. "Shida ni wakubwa. Nina mzee mmoja pale, fundi tangu enzi za disketi. Juzi mashine imempaka njano ukurasa mzima, na watoto wote wanatazama. Hajaonekana kazini tangu siku hiyo."

"Anaumwa?"

"Homa ya manjano."

Tulicheka sana, mimi na yeye. Kisha akaeleza anachotaka. Mtu aliyewekwa katika kundi la wakubwa awe na kitufe chake. Akiona maoni juu ya kazi yake hayampendezi, abofye, yapotee kwenye skrini za wote, asiulizwe sababu, na kazi yake ihesabiwe safi. "Mzee hasahihishwi mbele ya watoto," alisema. "Wewe mwenyewe unajua. Tukiite kitufe cha heshima."

Nilijua. Ndiyo maana sikukataa.

Alipoondoka, mkwe wangu aliongea bila kugeuka.

"Baba."

"Naam, mama."

"Akishabofya, kosa lenyewe litakuwa limekwenda wapi?"

"Haliendi popote. Litanyamaza tu."

"Sawa, baba," akasema, na vidole vyake vikaanza tena kuchapa.

Nieleze kwa nini tulikaa tumepeana migongo. Mimi ni Mmeru wa mlimani, nilizaliwa juu kabisa, mahali ambapo migomba inaishia na msitu unaanza. Mama yangu alinilea akinifundisha kwamba baba mkwe na mkwe hawatazamani usoni ovyo, hawapokezani kitu mkono kwa mkono, na mmoja hasimami nyuma ya mwenzake kuchungulia anachofanya. Mambo mengi ya namna hiyo nimeyaacha, lakini hayo yalinibaki mwilini. Mkwe wangu ni Mchaga wa Machame, msomi wa kompyuta, lakini naye alilelewa na bibi, na bibi wa kule na mama yangu wangeelewana bila mkalimani. Tulipoamua kufanya kazi pamoja, yeye mwenyewe ndiye aliyepanga meza. Kikombe changu cha chai alikuwa akikiweka kwenye kistuli, mimi nikakichukua pale.

Shule yangu ni kidato cha nne. Nilianza kazi ya kuingiza takwimu katika kampuni ya kahawa, na mashine zilipobadilika nilibadilika nazo, nikijifunza usiku na mchana kutoka kwa vitabu vya watu wengine, hadi nikawa naandika programu za maduka ya Wahindi mjini na za shule za misheni. Nilijivunia hilo kupita kiasi. Mke wangu alipofariki, nilishastaafu, na mwanangu wa pekee, ambaye ni dereva wa watalii, akahamia kwangu na mke wake na watoto wao wawili ili nisikae peke yangu. Ndipo nilipogundua kwamba yule binti anajua kazi yangu kuliko mimi.

Lakini angeniambiaje? Hakuweza kusimama nyuma ya kiti changu na kunyoosha kidole kwenye skrini. Kwa hiyo alianza kuniandikia. Nilifungua kazi yangu asubuhi, nikakuta pembeni ya mstari maneno mafupi: "Baba, samahani, hapa tukipata jina lenye herufi isiyo ya kawaida programu itagoma." Nilirekebisha, hatukulizungumza. Ilikuwa njia nzuri. Kiendelezi kilizaliwa hapo. Yeye ndiye aliyesema kwamba kama tungekuwa na mashine ya kuandika vile pembeni, hata wale wasio na mkwe wangesaidiwa. Hiyo ilikuwa moja ya siku chache nilizomsikia akicheka kwa sauti mbele yangu.

Tuligawana. Yeye alishika sehemu ngumu, namna ya kuiuliza akili mnemba ili isijibu upuuzi. Mimi nilishika sehemu ya kutuma na kupokea, na ile alama ya kijani. Mkurugenzi alivutiwa na kazi yake mapema. Alimwahidi kwamba kiendelezi kikishapita majaribio, atamwajiri awe mkuu wa kikosi chake cha ukaguzi wa msimbo, na ofisi yake mwenyewe pale mjini. Alipoambiwa hivyo alimpigia mama yake Machame, nikamsikia uani akiongea Kichaga harakaharaka, akirudiarudia. Mwanangu aliniambia, "Baba, hii ndiyo ndoto yake. Hajawahi kukaa kwenye ofisi isiyo ya mtu mwingine." Nami nilijua kwamba ofisi ya mtu mwingine aliyoisema ni chumba changu cha mbele.

Kitufe cha heshima nilikimaliza kabla ya Jumapili kama nilivyoahidi. Mtu wa kwanza kukitumia nilikuwa mimi.

Ilikuwa asubuhi ambayo mkurugenzi alikuwa aje kuona toleo la mwisho. Tulikuwa na desturi ya kukipitisha kiendelezi juu ya msimbo wake chenyewe, kijisome. Nilipofungua sehemu yangu, mstari mmoja ulikuwa njano. Maoni yalisema: "Mtandao ukikatika na jibu lisifike, hapa tunahesabu kwamba hakuna maoni, kisha tunaonyesha kijani. Kazi ambayo haikusomwa itaonekana imesomwa. Afadhali tuonyeshe kwamba haijasomwa."

Nilisoma mara moja tu. Nilielewa maneno, ila sikutaka kuelewa. Nje gari lilikuwa linapiga honi getini, na mimi nilikuwa na doa la njano katika kazi yangu, ukurasa wa kwanza ambao mgeni angeuona. Nilisema kwa sauti, nikitaka mkwe wangu asikie, "Mashine hii inajifanya inajua mtandao wa Arusha kuliko sisi."

Nyuma yangu aliacha kuchapa.

"Au wewe unaonaje, mama?"

"Pengine ingefaa kutazamwa, baba," alisema polepole.

"Tutaitazama baadaye. Kafungue geti."

Akaenda kufungua geti. Mimi nikabofya kitufe. Njano ikatoweka, kijani kikatokea, na mkurugenzi alipoingia nilikuwa nimeegemea kiti kama bwana harusi. Alisifu kila kitu. Alimwambia mkwe wangu aanze kujiandaa, kwani masika yakiisha hatamwona tena akimpikia mzee chai. Baadaye ile niliyoisema haikufika. Nilisahau, au nilijisahaulisha. Katika umri huu hayo mawili yanafanana.

Mvua za masika zikaja na umeme ukawa wa kubahatisha. Mjini mtandao ulikuwa ukienda na kurudi. Katika moja ya siku hizo, kijana mmoja wa kampuni ile alibadilisha kipande cha programu ya matangi ya kupozea maziwa, kile kinachotuma ujumbe kwa mlinzi wa tangi maziwa yakianza kupata joto. Alipokuwa akijaribu, aliweka namba ya simu ya ofisi badala ya namba za walinzi, kama kila mtu anavyofanya, na akasahau kuiondoa. Mtu yeyote angeiona, na mashine ingeiona kabla ya mtu. Lakini mtandao ulikuwa umekatika. Maoni hayakurudi, alama ikawa kijani, naye akatuma kazi yake na kwenda nyumbani mapema kwa sababu ya mvua.

Jumapili iliyofuata umeme ulikatika mlimani kuanzia alfajiri. Walinzi wa matangi walikuwa kanisani, simu mfukoni, wametulia, maana walikuwa wamezoeshwa kwamba tangi likipata joto simu italia. Ujumbe ulitumwa vizuri kabisa. Ulitumwa wote kwenye simu iliyokuwa ndani ya droo, katika ofisi iliyofungwa, mjini.

Jumatatu mkurugenzi alinipigia, akanitaka niende naye kuona. Hakuwa ameshajua tatizo limetoka wapi. Kituo tulichofika kipo juu ya Tengeru, barabara yake ni tope jekundu. Wanawake walikuwa wamekuja na madumu ya asubuhi wakaambiwa tangi halipokei, kwa sababu lazima kwanza limwagwe. Walikuwa wanalimwaga. Maziwa yalitoka kwenye bomba yakiwa na mabonge, yakaingia kwenye mfereji uliokwenda hadi kwenye mahindi ya mtu, na mbwa walikuwa wamejaa. Harufu ilikuwa ya chachu na ya kitu kingine ambacho hadi leo nikikisikia jikoni natoka nje.

Mama mmoja aliyevaa mabuti ya mvua alitutazama tukishuka kwenye gari na viatu vyetu vya mjini.

"Hao ndio wa kompyuta?" aliwauliza wenzake, kisha akatugeukia. "Karibuni basi. Mmekuja na vikombe?"

Wengine hawakucheka. Mmoja alisema kwa Kimeru, akidhani sisi sote ni wageni, kwamba anamwonea huruma yule mzee, akinikusudia mimi, maana amevishwa tai na watoto wake wakamleta kutukanwa. Nilielewa kila neno. Sikumjibu kwa lugha yetu. Nilijifanya mgeni katika mlima niliozaliwa.

Vijana wa kampuni walipotafuta, walikuta namba ya simu, halafu wakakuta alama ya kijani. Wakajaribu kuzima mtandao kwa makusudi na kukipa kiendelezi msimbo uliojaa makosa. Kijani. Mkurugenzi akaja Sekei.

Alikaa kwenye kiti kile kile. Mkwe wangu alileta chupa ya chai na vikombe, akaweka kwenye kistuli, akataka kuondoka.

"Hapana mama, kaa," mkurugenzi alisema. "Nimekuja kwako. Mzee nampa shikamoo yake tu, yeye ni mwenye nyumba."

Akakaa ukingoni mwa kiti, mikono juu ya magoti.

"Mimi nilikuamini," mkurugenzi aliendelea. "Wewe ndiye mtaalamu wa hapa. Sasa nieleze kama mtu anavyomweleza mtoto: ulipoandika kwamba jibu lisipofika tuseme kazi ni safi, ulikuwa unafikiria nini?"

Hakuuliza nani aliandika. Hakuwaza kabisa kwamba mzee wa kidato cha nne angeweza kuwa ameshika sehemu yoyote ya kazi ile. Na mimi, ambaye maisha yangu yote nilichukia kudhaniwa sijui, siku ile moja nilikaa ndani ya dhana ile kama mtu aliyepata pa kujikinga mvua.

Mkwe wangu aliinamisha kichwa. Alitazama sakafu, na nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba alikuwa ananisubiri mimi. Hangeweza kusema "ni baba" mbele ya mgeni, ndani ya nyumba ya baba, chai ya baba ikiwa mezani. Ilikuwa lazima niseme mwenyewe. Nilichukua kikombe. Kilikuwa cha moto sana, nikakinywa hivyo hivyo.

"Mama, nakuuliza."

"Samahani," alisema.

"Samahani ndiyo jibu?"

"Samahani sana, mkurugenzi."

Mkurugenzi alinigeukia, akitikisa kichwa, kama watu wazima wawili wanaotazamana juu ya kichwa cha mtoto. "Hawa vijana, mzee." Nami, Mungu anisamehe, nilitikisa kichwa pia.

Alisema kwamba nafasi ile asiifikirie tena. Alisema pia atalazimika kuwaambia wenzake wa biashara, wakimuuliza, kosa lilitoka kwa nani, maana mji wetu ni mdogo na kila mtu anamjua mwenzake. Akaondoka bila kumaliza chai. Mkwe wangu aliokota vikombe. Nilisubiri aseme kitu. Alisema, "Baba, utakula sasa au baadaye?"

Mwanangu alikuwa porini na watalii. Aliporudi, gari bado limejaa vumbi, aliongea na mke wake chumbani muda mrefu, kisha akaja nilipokuwa. Hakunisalimu.

"Baba, ile sehemu ni ya nani?"

"Kazi ilikuwa ya wote."

"Nimeuliza ile sehemu."

"Yangu."

"Na mkurugenzi alipouliza?"

"Alimuuliza yeye."

"Alimuuliza yeye, akanyamaza kwa ajili yako. Ukamwacha."

Nikatafuta pa kujificha. Nilisema kwamba hata mashine yenyewe ilikuwa imeona, kwamba ilitoa maoni, kwamba nilikusudia kurekebisha.

Alinitazama namna ambayo hakuwahi kunitazama tangu azaliwe. "Mashine gani, baba? Mashine haikuona kitu. Aliyeona ni yeye. Aliyaandika yeye yale maneno, akayapitisha kwenye mashine yasomeke kana kwamba ni yake, kwa sababu tangu mlipoanza kusifiwa hukutaka tena kusahihishwa na mtu. Alidhani mashine utaisikiliza."

Kisha akasema, taratibu, "Ukabofya."

Hawakugombana nami. Ingekuwa nafuu. Walifungasha kwa adabu, watoto wakaja mmoja mmoja kuniaga na kuinamisha vichwa niwashike. Walikwenda Machame, kwa wazazi wake, kwa sababu mjini hakupata kazi; kila alikogonga walikuwa wameshasikia habari ya alama ya kijani. Kwetu, mwanamume kwenda kukaa ukweni ni jambo linalosemwa kwa sauti ya chini. Ndugu zangu waliniuliza kilichotokea. Nilisema ni mambo ya kazi.

Baadaye, niliposhindwa kulala na lile neno "ukabofya", nilikwenda kwa mkurugenzi nikamweleza ukweli wote. Alinisikiliza. "Mzee," alisema, "maneno haya yangekuwa na maana siku ile, nikiwa na hasira. Leo nimeshaajiri mtu. Na nikizunguka mjini kusema nilimwonea yule dada, mimi nitaonekana mtu wa namna gani?" Nilimtazama nikajiona mwenyewe, ila mwenye umri mdogo kidogo na kiti kizuri zaidi. Kiendelezi walikuwa wamekwishakiondoa kwenye kompyuta zao zote.

Nilirudi nyumbani nikarekebisha ule mstari. Ulikuwa mstari mmoja tu, kama alivyoandika. Kisha nikakiondoa kitufe cha heshima. Nikakipitisha kiendelezi juu ya kazi, kikatoa kijani, na hakukuwa na mtu nyuma yangu wa kumwambia.

Nampigia mkwe wangu sikukuu zikifika. Hajawahi kuacha kupokea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, baba. Sijui wewe."

"Mimi mzima. Mama, nilitaka kusema, siku ile..."

"Yameisha, baba. Usijisumbue. Ngoja nimpe mtoto akusalimie."

Mtoto ananisalimia, simu inarudi kwa mama yake, ananiaga vizuri, inakatika. Hakuna neno hata moja ninaloweza kulilalamikia. Ananipa heshima yote, na hakuna kitu kingine ndani yake. Mwanangu yeye hupeleka salamu kupitia kwake.

Maziwa yalimwagwa, na wale akina mama ndio waliobeba hasara ambayo si yao. Mkwe wangu alipoteza kazi aliyostahili na jina alilokuwa amelijenga. Mimi kitufe kile kilinigharimu mwanangu wa pekee, ambaye sasa anaishi ukweni kwa sababu yangu, na wajukuu wawili wanaokua bila kunijua. Kilinigharimu pia yule mtu mmoja aliyekuwa akisoma kazi yangu kila asubuhi na kuniandikia pembeni pale nilipokosea. Meza yake bado ipo nyuma ya kiti changu. Naishi peke yangu katika nyumba ya Sekei, na hakuna anayenisahihisha.